Zima mashine kwanza

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Unauliza kama mwezi wa nane mkija tukodi boti tukatazame nyangumi, na kama watoto watawaona kweli, maana hela si kidogo. Msimu umeupatia. Nyangumi huja na upepo wa kusi, kati ya Julai na Oktoba, kutoka kwenye bahari ya barafu huko kusini kabisa, kuzaa katika maji yetu ya vuguvugu. Ila bahari haina ahadi, nawaambia tangu mko wadogo. Mtalipa, na mnaweza kurudi na chumvi tu mwilini.

Mimi kinachonisumbua si kuwaona. Ni watu wanachofanya wakishawaona.

Ulikuwa bweni mwaka ule baba yako aliponipeleka. Tulitoka Kigamboni alfajiri, upepo haujachachamaa, hadi usawa wa Kimbiji. Kwanza pomboo, kama 20, wakicheza mbele ya omo, yaani pua ya boti, wanajilaza ubavu kututazama. Nilicheka hadi baba yako akanishika mkono. Mara moshi ukaruka juu ya maji: nyangumi mwenye nundu, na mtoto ubavuni, hazidi ngalawa kwa urefu. Pomboo wakatuacha, wakaenda kucheza mbele ya kichwa cha yule mama vilevile walivyocheza mbele ya boti. Akapumua karibu nasi, rasharasha ikalowesha kanga yangu.

Baba yako akasema, "Nahodha, zima mashine." Watu wakapiga kelele: sogea, sogea! Nahodha akasogea, akapita katikati, mama huku, mtoto kule. Mama akapiga maji kwa mkia mara tatu. Mtoto akazunguka, akazunguka tena, hajui aende wapi. Walipokutana wakazama, hatukuwaona tena.

Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele, mwanangu. Baba yako hakusema neno hadi nyumbani, wala hakunilaumu hadi Mungu alipomchukua. Nimejitetea sana: sikujua. Lakini nimezaa wawili, mzazi gani hajui? Baadaye nikasoma kwamba mama yule akiwa huku ni kama hali chakula chochote, anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo, na maziwa ya mtoto yanatoka humohumo. Tulipomkimbiza tulikuwa tunamla mtoto.

Basi msiende? Hapana, siwezi kusema hivyo. Mjukuu wangu akiona mnyama wa mita 15 akiruka, hatakubali kununua samaki waliovuliwa kwa baruti. Lakini kila boti inayokwenda ni kelele nyingine juu ya vichwa vyao. Bahari haina ahadi, nasi tunaidai kama tumeikopesha.

Natamani niamue mimi, ila watoto ni wako na hela ni yako. Mkienda, na mimi nakuja. Nahodha nitaongea naye kabla hatujapanda, na nitakaa nyuma, karibu na mashine.

Mama yako