Fizi zinatoka damu? Usiache kupiga mswaki
Pole sana. Umeuliza kama uache kwanza kupiga mswaki kwa kuwa fizi zinatoka damu. Hapana, usiache! Mara nyingi damu hiyo inaletwa na ukoga uliojikusanya pale jino linapokutana na ufizi, na ukiuacha hapo fizi zitazidi kuvimba. Zikiwa nyekundu, laini na zimevimba, huo ndio mwanzo wa ugonjwa, na katika hatua hii bado unapona kabisa.

Tumia mswaki laini, uulaze kidogo kuelekea ufizi, usugue taratibu kwa dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Katikati ya meno mswaki haufiki, kwa hiyo pitisha uzi wa meno kila siku. Siku za mwanzo damu inaweza kuendelea, usiogope. Ila wiki 2 zikipita bila nafuu, muone daktari wa meno, maana ukoga ukishakuwa mgumu hautoki kwa mswaki, lazima ukwanguliwe.

Kama unavuta sigara, kuwa makini zaidi: sigara hupunguza damu hiyo, fizi zikaharibika bila wewe kujua. Na meno yakianza kulegea au ukiona usaha, usisubiri hata hizo wiki 2.