Injini Inapozimika Angani: Kwa Wanaoanza Urubani Nyanda za Juu

Wewe unayeanza masomo ya urubani katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, tambua kwamba altimita hupima kimo kutoka usawa wa bahari, si kutoka mahali utakapoangukia. Ikisoma futi 7,500, mwanafunzi hujiona yuko juu sana, ilhali Wilson yenyewe imeinuka zaidi ya futi 5,500, na kilichobaki chini ya magurudumu hakifiki futi 2,000. Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, iliyozimika injini, ikishikiliwa kwenye kasi ya noti 65 hivi (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) pasipo upepo, huteleza takriban kilomita tano kutoka kimo hicho, na dakika tatu haziishi kabla haijagusa ardhi.

Kwa hiyo weka kasi ya kuteleza kwanza, kisha elekea shamba ambalo jicho lako lilikwisha kulichagua injini ingali ikinguruma. Nyaya za umeme hazionekani kutoka juu, basi tafuta nguzo zake. Na shamba likiwa limelimwa, tua ukifuata matuta, usiyakate, ilimradi upepo si mkali kutoka nyuma. Ukishalichagua usilibadilishe ovyo, kwani kila kona hula kimo.

Kasi ikitulia ndipo utafute chanzo: joto la kabureta (hewa moto ya kuyeyusha barafu katika chombo kinachochanganya mafuta na hewa), swichi ya tangi, mchanganyiko wa mafuta na hewa, magneto zinazowasha cheche za injini. Wengi hawaamini kwamba kabureta inaweza kuganda barafu karibu na ikweta, lakini hewa yenye unyevunyevu inatosha kabisa. Redio hufuata baada ya hayo; mnara wa kuongozea ndege utakusikiliza, hautakushikia usukani.

Injini ikikatika mara tu baada ya kuruka, tua mbele yako, ukikwepa vizuizi kwa kona ndogo tu, kwa maana kona kali ya kurudi kiwanjani, kimo kikiwa kidogo na kasi ikishuka, ndiyo inayoua.

Karibu na ardhi, hewa nyembamba ya nyanda za juu itakupa hila nyingine: kipimo cha kasi kikisoma noti 60, ndege inakwenda karibu 67, na ardhi huonekana ikikimbia kupita kiasi. Usivute pua kwa hofu hiyo, amini kipimo. Funga mafuta, shusha flapu (vibao vya nyuma ya mabawa), zima umeme, na uache milango wazi kidogo ili fremu ikipinda isiibane. Mabawa yakivunjika kwenye ua wa shamba, hilo ni la bima.