Ndimu, Asali na Koo Linalokereketa: Majibu kwa Wasomaji

Kipupwe kikishaingia, maswali yanayotufikia huwa ni yale yale: mafua, kikohozi, koo. Safari hii tumeyaweka pamoja yanayohusu maji moto ya ndimu na asali, kinywaji kinachofanywa karibu kila nyumba na kuharibiwa karibu kila nyumba.

Swali: Assalaam aleikum. Kila nikifanya maji ya ndimu na asali yanatoka machungu, na harufu ya asali siisikii kabisa. Nakata ndimu mbili vipande, natia sufuriani pamoja na tangawizi na asali, nachemsha robo saa. Nakosea wapi?
*Msomaji, Mtoni, Unguja*

Jibu: Waaleikum salaam. Vitu vyako ni sawasawa, ila umevitia vyote kwa mpigo. Hapo kinachotaka moto ni tangawizi peke yake.

Kwa kikombe kimoja cha mililita 250, pima maji mililita 300, maana mengine yatapotea kwa mvuke. Chukua tangawizi mbichi ya ukubwa wa pingili moja ya kidole gumba, ioshe vizuri na uiponde kinuni mpaka ichanguke nyuzi. Ukiikata vipande tu, utapata maji ya moto yenye harufu ya mbali. Itie kwenye maji yangali baridi, funika, na yakichemka punguza moto uyaache dakika 8 hadi 10. Usidharau mfuniko: harufu ya tangawizi ni mafuta mepesi yanayoruka na mvuke, kwa hiyo ukiona nyumba nzima inanukia, ujue kikombe kimepunjwa.

Epua, chujia kikombeni, uache wazi dakika 5 au zaidi mpaka uweze kuyanywa bila kupuliza. Hapo ndipo unapotia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu, kisha kijiko kimoja cha chakula cha asali, ukakoroga mpaka chini kabisa. Asali ni nzito, hukaa kitako. Wengi huonja juu, wakaona haijakolea, wakaongeza, na fundo la mwisho likawa kama shira.

Uchungu wako unatoka kwenye ganda la ndimu, ile sehemu nyeupe ya ndani, na mbegu. Ukivichemsha vinatoa uchungu wao wote. Kwa hiyo kamua, chuja mbegu, tupa ganda. Usiikamue ndimu mpaka ganda ligeuke nje ndani, kwa sababu mafuta ya ganda nayo yana ukali wake. Na usikamue asubuhi ukatumia jioni: maji ya ndimu yakikaa huzidi kuwa machungu yenyewe, hata mbegu ukiwa umezitoa. Ndimu ikiwa ngumu, iviringishe mezani kwa kiganja kabla ya kuikata, itatoa maji zaidi.

Harufu ya asali imeondoka na moto. Asali iliyochemka robo saa imebaki utamu tu, na kwa utamu tu sukari ingekutosha kwa bei nafuu zaidi.

Tuongeze mambo mawili ambayo hukuyauliza. Kama sufuria yako ni ya alumini, ndimu ikichemkia humo hula madini na kinywaji kikawa na ladha ya chuma. Ukiitia kikombeni, hilo halipo. La pili ni maji. Visima vingi vya pwani vina chumvichumvi, na ndimu haiifichi, huizidisha. Tafuta maji ya mfereji yasiyo na ladha.

Swali: Kwetu mgonjwa hupewa kinywaji cha moto kadiri anavyoweza kustahamili, ati ndicho kinachoua vijidudu vya kooni. Ni kweli?
*Kijana wa Mkoani, Pemba*

Jibu: Si kweli. Moto wa kuua vijidudu ungeanza kwa kukuunguza wewe. Mafua na koo la kawaida huletwa na virusi, navyo vimo ndani ya chembe za mwili, havioshwi kwa kumeza. Kinachosaidia ni uvuguvugu unaolegeza makohozi, asali inayotanda juu ya koo lililochunika, na maji yenyewe. Zaidi ya hapo, mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 vikiwa bado vya moto katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Mwachie mgonjwa kikombe kipoe kidogo.

Swali: Ndimu au limau?
*Mama Asha, Michenzani*

Jibu: Yoyote. Ukali wao unakaribiana, limau lina maji mengi zaidi na harufu laini zaidi. Pima kwa kijiko, usihesabu matunda: ndimu ndogo kavu haifikishi hata kijiko kimoja, limau kubwa hupita vitatu.

Swali: Sisi tuna karafuu ndani. Nitie ngapi? Na makonyo (vikonyo vya karafuu) yanafaa? Jirani ananiambia mafuta ya karafuu matone mawili ndiyo mujarabu zaidi.
*Msomaji wa Wete, Pemba*

Jibu: Karafuu kavu 2 kwa kikombe, 3 ukipenda ukali. Zitie pamoja na tangawizi tangu mwanzo. Ule ubaridi na ganzi unaousikia kooni unaletwa na eujenoli, ndiyo iliyoijaa karafuu. Zikizidi 5, kinywaji kinageuka dawa ya meno na hata asali haikiokoi. Karafuu nzuri ukiibinya kwa ukucha huacha alama ya mafuta. Ikiwa nyepesi, imekauka na haitoi kitu, basi itupe.

Makonyo yana mafuta pia, ila kidogo kuliko karafuu yenyewe, na yana ladha ya ukuni. Yakiwa ndiyo uliyonayo, osha vizuri vumbi la majamvi, tia mara mbili ya karafuu, na uchuje kwa kitambaa.

Kuhusu mafuta ya karafuu jibu ni hapana, si matone mawili wala moja. Kile kichupa kina eujenoli karibu tupu. Haichanganyiki na maji, hubaki matone matone, na mdomo unaokutana nayo unaungua. Kwa mtoto hali ni mbaya zaidi: kijiko kimoja au viwili vya chai vimewahi kuwafikisha watoto kwenye kupoteza fahamu na kuharibika ini. Kichupa kiwekwe juu, mbali na viungo vya kupikia.

Swali: Mwanangu ana miezi minane, kifua kinamkoroma. Bibi yake anataka nimpe asali kidogo kwenye kidole. Nimpe?
*Mama wa Chake Chake*

Jibu: Usimpe, na bibi aelezwe kwa upole lakini aelezwe. Mtoto aliye chini ya miezi 12 hapewi asali ya namna yoyote, hata ya kulamba. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulini. Tumbo la mkubwa linazimudu, la mtoto mchanga haliwezi: humea humo, hutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Kuichemsha jikoni hakuziui mbegu hizo. Wa miezi minane mnyonyeshe zaidi, na huko kukoroma kwa kifua kukaangaliwe kituo cha afya. Akipumua haraka, mbavu zikiingia ndani, au akikataa kunyonya, usisubiri asubuhi.

Akishatimiza mwaka mambo hubadilika. Wa mwaka 1 hadi 5 nusu kijiko cha chai cha asali, wa miaka 6 hadi 11 kijiko kimoja, wa 12 na zaidi viwili, kabla ya kulala. Kwa kikohozi cha usiku asali ina faida inayoonekana. Tangawizi na karafuu kwa wadogo waache, huwachoma bure.

Swali: Asali niliyonunua Darajani imeganda chini kama sukari. Nimeuziwa asali ya kupika?
*Msomaji wa Jang'ombe*

Jibu: Kuganda si dalili ya wizi. Asali halisi ina glukosi nyingi, na glukosi hupenda kujitenga ikawa chenga, hasa ukiiweka kwenye friji. Itoe, weka chupa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu ambayo mkono unaweza kukaa, badilisha maji yakipoa, itarudi. Usiiweke juu ya jiko.

Majaribio ya kiberiti na ya tone kwenye bilauri ya maji tunayasikia kila siku, na hatuyaamini. Asali njema yenye unyevu haiwaki, shira nzito ya sukari huzama vizuri tu. Heri kununua kwa mrina unayemjua kuliko kuchoma njiti za kiberiti.

Ukipata ya nyuki wadogo wasiouma, jua kwamba ni nyepesi na ina uchachu wake, kwa hiyo punguza ndimu iwe nusu kijiko. Ina maji mengi, hivyo huchacha upesi. Kifuniko kikilia mfano wa soda na povu likatokea juu, imeshaanza.

Swali: Nina sukari, na mume wangu ana vidonda vya tumbo. Tunywe?
*Msomaji wa Fuoni*

Jibu: Kijiko cha chakula cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, sawa na vijiko vinne vya chai vya sukari nyeupe. Asali kuwa tiba hakuifanyi isipandishe sukari. Kunywa ya tangawizi na ndimu bila asali. Mumeo aache ndimu: achemshe majani 3 au 4 ya mchaichai yaliyofungwa fundo, dakika 5, na asali kidogo yakishapoa. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi amuulize daktari kabla ya kuzoea tangawizi nyingi kila siku.

Swali: Naondoka nyumbani alfajiri. Naweza kukijaza kwenye chupa ya chai?
*Mwalimu, Makunduchi*

Jibu: Jaza maji ya tangawizi yaliyochujwa peke yake. Ndimu nzima na kichupa kidogo cha asali vitie mkobani, uchanganye kikombeni saa ya kunywa. Ukivitia vyote ndani, ndimu na asali vitakaa kwenye moto kwa saa kadhaa, na utakutana na uchungu ule ule wa msomaji wa Mtoni. Baada ya kunywa sukutua kwa maji matupu, usipige mswaki mpaka ipite nusu saa, kwani ndimu hulainisha meno. Na kama koo limepita wiki bila nafuu, au una homa na tezi za shingo zimevimba bila kikohozi, nenda ukapimwe. Koo la bakteria lisipotibiwa, hasa kwa watoto, linaweza kuharibu moyo, nalo halitibiwi kwa ndimu.