Katiba ya 1963 ilivunjwa na wabunge wetu wenyewe

Wiki hii najibu maswali yenu kuhusu Katiba ya kwanza ya Kenya, ile tuliyoanza nayo uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kenyatta alikuwa Rais siku ya uhuru. Mbona vitabu vingine vinamwita Waziri Mkuu? (Msomaji, Thika)

Kwa sababu alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi siku ile alikuwa Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald. Urais ulikuja 12 Desemba 1964, nchi ilipokuwa jamhuri. Swali hili naletewa kila Desemba, na jibu lake limo katika kitabu chochote cha historia cha shule. Someni kabla ya kuandika.

Jambo ambalo hakuna anayeniuliza ndilo zito: nani alimpigia kura ya urais? Hakuna. Marekebisho ya 1964 yalisema tu kwamba aliyekuwa Waziri Mkuu ndiye atakayekuwa Rais. Wananchi walichagua wabunge Mei 1963, na mwaka uliofuata wakawa na Rais mwenye mamlaka ya utendaji bila kurudi kwenye debe. Hata kama angeshinda kwa kishindo, walistahili kuulizwa.

Katiba ile iliandikwa na wazungu London. Kwa nini mnailia? (Wasomaji kadhaa)

Mazungumzo yalifanyika Lancaster House, London, mwaka 1960, 1962 na 1963. Waliokaa mezani pamoja na Waingereza na wawakilishi wa walowezi walikuwa wajumbe wa Kiafrika, na mwaka 1960 wajumbe hao walishauriwa na wakili Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, kuhusu haki za kimsingi. Ugomvi mkubwa wa 1962 ulikuwa wetu wenyewe. Chama cha KANU, cha Kenyatta, kilitaka serikali moja yenye nguvu Nairobi. Chama cha KADU cha Ronald Ngala kiliogopa jamii ndogo kumezwa, kikadai majimbo, yaani mikoa yenye mamlaka yake. Mapatano yakawa Seneti, mabunge ya majimbo, na masharti magumu ya kubadilisha Katiba: robo tatu ya kura katika Bunge la Wawakilishi na katika Seneti, na kwa vifungu vilivyolindwa zaidi, asilimia 90 ya Seneti.

Ilikuwa na kasoro? Ndiyo, nyingi, na wananchi hawakuipigia kura. Lakini hoja hii ya "Katiba ya mkoloni" ndiyo iliyotumiwa kuibomoa, na tazameni kilichobomolewa. Sheria za mkoloni za kuwaweka watu kizuizini bila kesi hazikutupwa; mwaka 1966 Katiba ilirekebishwa ili serikali ipate nafasi pana zaidi ya kufanya hivyo. Sheria za machifu zilibaki. Kilichotupwa ni vizuizi dhidi ya mtawala. Mtu akikwambia anaing'oa katiba kwa kuwa ni ya kigeni, muulize ni kifungu gani anachokibakiza.

Majimbo ya 1963 ni sawa na kaunti za leo? (Msomaji, Kitale)

Hapana. Yalikuwa majimbo saba na eneo la Nairobi, kila jimbo na bunge lake. Kaunti ni 47, na Katiba ya 2010 inaziwekea angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Majimbo hayakuuawa kwa kura kwanza. Yalidhoofishwa kwa serikali kuu kuchelewesha kukabidhi fedha na mamlaka, hadi yakaonekana hayafanyi kazi. KADU ikajivunja Novemba 1964. Mwaka 1965 mabunge yale yakageuzwa mabaraza ya mikoa, na 1968 yakafutwa kabisa. Kwa hiyo magavana wanapolalamika kwamba fedha za kaunti zimechelewa tena, msichukulie kuwa ni kelele za kawaida za wanasiasa.

Mahakama za Kadhi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 2010. Ni haki kweli? (Msomaji, hakutaja mahali)

Hazikuingizwa 2010. Zilikuwamo tangu 1963, kufuatia makubaliano ya Oktoba mwaka huo kuhusu ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Zinasikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu. Basi.

Seneti ya kwanza ilienda wapi? (Mwanafunzi, Maseno)

Asante mwanangu, hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Seneti ya 1963 ilikuwa na maseneta 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Kazi yake kuu ilikuwa kuzilinda wilaya na majimbo. Kuifuta kulihitaji kura za maseneta wenyewe, na hapo ndipo werevu ulipotumika. Kwanza, mwaka 1965 kiwango cha kura za kubadilisha Katiba kilishushwa hadi asilimia 65. Kisha mwishoni mwa 1966 ukaletwa mswada wa kuunganisha mabunge mawili. Maeneo bunge yaliongezwa 41, kutoka 117 hadi 158. Hesabu hiyo haikutokea kwa bahati: kila seneta alipewa pa kukaa katika Bunge jipya. Muda wa Bunge nao ukarefushwa, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kurudi kwa wapiga kura upesi. Maseneta wakaipigia kura ya kuizika taasisi waliyotumwa kuilinda, na hakuna aliyepoteza kiti. Nchi ilikaa bila Seneti hadi 2013.

Ukisoma marekebisho yoyote ya katiba, tafuta kwanza anayepewa kiti, muda au msamaha. Mwaka 1975 Katiba ilibadilishwa ili Rais aweze kumwondolea mtu adhabu ya makosa ya uchaguzi, na aliyefaidika papo hapo alikuwa mtu mmoja, mwanasiasa Paul Ngei.

Mbunge akihama chama arudi kwa wapiga kura. Ubaya wa sheria ya 1966 ni upi? (Mzee mmoja wa Murang'a)

Mzee wangu, kanuni yenyewe si mbaya, na imo katika Katiba ya 2010. Ubaya ulikuwa katika haraka na shabaha yake. Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais Aprili 1966, na wabunge waliokuwa naye wakahamia KPU, chama chake cha upinzani. Mwezi huo huo Katiba ikabadilishwa, na ikawanasa watu waliokuwa wamekwisha kuhama kabla sheria haijakuwepo. Viti 29 vikagombewa upya. KPU ikapata tisa tu, na Bildad Kaggia, mgombea wake, akapoteza Kandara, kwenu huko karibu. Miaka mitatu baadaye KPU ikapigwa marufuku. Mwaka 1982 kikaja kifungu cha 2A kilichofanya chama kuwa kimoja kisheria, hadi kilipofutwa Desemba 1991.

Ndiyo maana naitetea sana Ibara ya 256 ya Katiba ya sasa, inayotaka siku 90 zipite kati ya kusomwa kwa mswada wa marekebisho mara ya kwanza na ya pili. Mwaka 2024, mswada wa kurefusha mihula kutoka miaka mitano hadi saba ulipofikishwa Seneti, wananchi walipata nafasi ya kuusoma na kuukataa. Wabunge wanaoziita siku hizo kikwazo wanajua wanachokitaka.

Je, ile Katiba ilimlinda mwanamke? (Dada, Mombasa)

Kidogo sana. Orodha ya misingi ambayo mtu hangebaguliwa kwayo haikutaja jinsia hadi 1997. Tena ndoa, talaka, maziko na mirathi viliachwa nje ya ulinzi dhidi ya ubaguzi. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alirithi uraia kwa baba, si kwa mama. Anayesema turudi kwenye Katiba ya uhuru kama ilivyokuwa hajakufikiria wewe.

Baba alizaliwa Kisumu 1940, wazazi wake walizaliwa Gujarat. Alikuwa raia moja kwa moja siku ya uhuru? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Kuzaliwa Kenya pekee hakukutosha. Ilibidi mmoja wa wazazi wake awe amezaliwa Kenya pia. Watu wa hali yake walipewa miaka miwili, hadi 12 Desemba 1965, kuomba kuandikishwa na kuukana uraia mwingine. Tafuteni cheti cha kuandikishwa kwenye makaratasi yake, na mtazame tarehe.