Nyumba za kambini San Francisco si za chee

Swali limerudi kwenye grupu mara ya tatu: "Ni kweli jeshi la Marekani limehama San Francisco, na nyumba za maofisa wanapewa wahamiaji kwa bei ya chee, tena ndani ya bustani?" Nani anawalisha maneno haya?

Jeshi limehama kweli, tangu 1994. Mahali panaitwa Presidio, na nyumba zake zinapangishwa, haziuzwi. Chee ndiyo haipo. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliunda Presidio Trust, shirika la serikali la kusimamia eneo hilo, na kuitaka ifike 2013 ikijitegemea. Ijitegemee kwa kitu gani kama si kodi ya nyumba? Zile nyasi mnazopenda kwenye picha analipia mpangaji. Na kwa kuwa ardhi ni ya serikali kuu, sheria ya jiji ya kuzuia kodi isipande ovyo haifiki humo.

Dar ukiwa na miezi sita mkononi na ya dalali, umepata nyumba. Huku fedha taslimu haimshtui mtu. Wanataka slipu za mshahara, fomu ya kodi ya mapato ya mwaka jana, na alama za mikopo, yaani kipimo cha jinsi unavyolipa madeni, ambazo huanzia 300 hadi 850. Mgeni hana alama mbaya, hana kabisa, na kwa mpangishaji ni yale yale. Wengi hudai kipato cha mara 2.5 hadi 3 ya kodi: nyumba ya dola 4,000 inataka uonyeshe 10,000 kwa mwezi, kwa uchache. Ibadilisheni kwa shilingi mkiwa mmekaa.

"Tutachanga wanne." Sawa, njia ndiyo hiyo. Lakini kwa kawaida mkataba wa pamoja unamfanya kila aliyesaini adaiwe kodi yote, si robo yake. Mmoja akitorokea Texas, watatu mnaziba pengo, na deni likifika kwa wakusanya madeni linawachafua wote. Kila mtu aweke kwanza akiba ya miezi miwili ya fungu lake, na hiyo haitumwi nyumbani. Msitume chochote miezi mitatu. Mama akilazwa mtatuma tu, na tumeni.

Binamu wa kulala sebuleni? Jina lisipokuwa kwenye mkataba, mara nyingi ana wiki mbili tu.

Juni hadi Agosti ukungu wa bahari unaingia hadi kitandani. Msianike nguo ndani, kabati liache vidole vinne kutoka ukutani, la sivyo ni kuvu. Jengo la kabla ya 1978, sheria inataka upewe karatasi inayoonya kuhusu rangi ya ukuta yenye madini ya risasi kabla ya kusaini. Mwenye mtoto asikwangue rangi.

Mje, lakini anzeni na chumba cha kushea Oakland, mji wa jirani. Chukueni kadi ya mkopo ya benki ambayo unaiwekea dhamana, mlipe kila mwezi bila kukosa ili mpate alama, mwaka ukipita ndipo muulizie Presidio. Na wewe mdogo wangu unayetaka kuuza kiwanja cha Kibaha upate amana ya nyumba ya kambini, usikiuze. Nipigie kwanza, asubuhi ya huko, huku nitakuwa bado sijalala.