Sambaza wanapungua, au uvuvi wetu ndio umebadilika?

Swali

Mwalimu, mimi ni katibu wa chama cha wavuvi hapa Bukavu. Tuko ekipi saba, yaani vikosi saba vya wavuvi. Tangu 2022 naandika kila asubuhi kilo za sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Nimejumlisha kwa kila mwezi, nikachora mstari kwenye kompyuta: unashuka. Wazee wanasema sambaza wanaisha, vijana wanasema ni bahati ya usiku tu. Modeli ya takwimu inaweza kutukatia shauri?

Jibu

Ndugu Katibu, inaweza, ila si kwa jumla ya mwezi. Jumla hiyo imechanganya samaki waliomo ziwani na kazi mliyofanya kuwatafuta. Ekipi mbili zikikosa mafuta wiki tatu, mstari utashuka hata kama Kivu imejaa sambaza. Rudi kwenye daftari, usiku kwa usiku, ekipi kwa ekipi: kilo, idadi ya taa, saa za kukaa majini, na mwezi wa angani una siku ngapi.

Hilo la mwisho ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mnavua kwa taa, na mbalamwezi huinyima taa nguvu ya kuvuta samaki. Tuseme ekipi moja hupata kilo 60 usiku wa giza, nyingine 20. Mwezi mpevu hauziondolei zote mbili kilo 15; unazikata kwa kadiri, mathalani nusu: 30 na 10. Taa, majira na ustadi wa ekipi navyo huenda hivyo, kwa kuzidisha na kugawanya. Ndiyo maana mstari wa kawaida haufai, na sisi hufanya hesabu kwenye logi, yaani hesabu inayogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha.

Katika programu ya R, ambayo ni ya bure, unaiambia modeli ieleze kilo kwa mwaka, majira, mbalamwezi, taa, saa na ekipi. Majira usiyaache: wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo huchanganya maji ya juu, virutubisho vinapanda, na chakula cha sambaza kinaongezeka. Kila jambo likishachukua sehemu yake, kinachobaki kwenye mwaka ndicho unachokitafuta. Soma pia upana wa makadirio yake, yaani kutoka chini kabisa hadi juu kabisa ambako jibu la kweli linaweza kuwa. Kama miaka yote inaangukia ndani ya upana ule ule, daftari bado halijawapa haki wazee wala vijana.

Kuhusu sifuri nakusihi sana. Ekipi ikitoka ikarudi bure, andika 0. Isipotoka, acha wazi. Nimeona madaftari ambamo hali zote mbili zimeandikwa kwa kistari kimoja, na hakuna hesabu inayoweza kuzitenganisha tena. Tena 0 haina logi; wengi huongeza 1 kila mahali ili kompyuta ikubali, na jibu linapinda. Tumia modeli ya Tweedie, inazipokea sifuri na kilo pamoja.

Lakini hata modeli nzuri ina upofu mmoja. Taa inakusanya samaki. Sambaza wanaweza kupungua ziwani huku taa ikiendelea kuwaita waliobaki kutoka mbali, na kilo zenu zisishuke hadi mambo yawe yameharibika. Kwa hiyo pima urefu pia: sambaza hamsini kutoka beseni moja, bila kuchagua, mara moja kwa wiki. Wakizidi kuwa wafupi mwaka hadi mwaka huku matundu ya wavu ni yale yale, niite mapema.

Na msimchanganye sambaza na samaki mwingine mdogo, Lamprichthys tanganicanus, aliyeonekana Kivu mnamo 2006. Wote wawili asili yao ni Ziwa Tanganyika. Sambaza aliletwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakipimwa kwenye mzani mmoja, huyo Lamprichthys anaweza kuficha upungufu wa sambaza kwa miaka.

Kabla ya kufunga uvuvi au kuongeza mitumbwi, nitumie picha za kurasa zenyewe, si muhtasari. Na uniandikie pembeni ni usiku upi kila ekipi ilibadilisha taa au wavu.