Kiuno kinauma, mkojo kama chai ya rangi: ni figo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 58, analima zabibu Hombolo. Jioni kiuno kinamuuma na mkojo wake unakuwa kama chai ya rangi. Majirani wanasema figo zimechoka. Ana presha, anameza losatani, na kwa ajili ya kiuno hununua diklofenaki dukani. Figo hasa zinafanya kazi gani, na tufanye nini?

JIBU: Marahaba. Kiuno chenyewe hakinitishi sana. Kinachonitia wasiwasi ni jua, losatani na diklofenaki kukutana kwa mtu mmoja.

Figo zimekaa mgongoni juu ya kiuno, zikifunikwa kiasi na mbavu za mwisho. Zikiuma, maumivu hukaa huko juu, mara nyingi upande mmoja, na hayabadiliki mtu akiinama. Ya mawe ya figo huja yakipoa na kurudi, yakishuka hadi kinenani. Ya maambukizi huja na homa. Kiuno kinachouma baada ya kutwa kuinamia mizabibu, kikapoa akilala, kwa kawaida ni misuli. Figo zinazoharibiwa polepole na presha au sukari haziumi kabisa, kwa hiyo msisubiri maumivu ndipo mpime.

Kila figo ni kama ngumi, yenye vichujio kama milioni moja. Kwa siku moja, figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu, kisha hurudisha karibu zote mwilini. Mkojo ni lita moja hadi mbili tu, umebeba taka za mwili kama urea na kreatinini, pamoja na chumvi iliyozidi. Figo pia hurekebisha presha na hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Ndiyo sababu mgonjwa wa figo huishiwa damu.

Sasa hatari yenyewe. Kichujio hufanya kazi kwa msukumo wa damu. Mwili ukikauka kwa jua, jambo ambalo mkojo kama chai unaweza kuashiria, figo hutanua mshipa unaoingiza damu na kubana ule unaoitoa, ili msukumo usishuke. Diklofenaki huzuia ule wa kuingiza usitanuke. Losatani hulegeza ule wa kutoa. Msukumo huanguka, na ndani ya siku chache kreatinini kwenye damu inaweza kupanda, yaani figo hazichuji vizuri.

Aache diklofenaki leo. Losatani asiiache mwenyewe; amweleze daktari wake yote haya. Kwa maumivu atumie parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Shambani anywe glasi moja, yaani robo lita, kila baada ya dakika 20 hivi, hata kabla ya kiu. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa: maji mengi mno huzimua chumvi ya damu. Mkojo ukirudi kuwa njano hafifu, maji yanatosha.

Wiki hii apimwe presha, mkojo kwa kijiti (protini na damu), na kreatinini. Kreatinini peke yake isiwatulize, kwani inaweza kuonekana sawa hadi karibu nusu ya uwezo wa figo ipotee. Protini kwenye mkojo huweza kutangulia. Mkojo ukiwa mwekundu, hasa matone ya mwisho, naye huingia bwawani, apimwe kichocho.

Asisubiri wiki iishe akivimba miguu au uso, akikosa mkojo kwa saa 12, akitapika mfululizo au akipumua kwa shida. Hapo mpelekeni hospitali siku hiyohiyo; Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ina huduma za figo.